Jibu Moja la Watu Watatu

Kibuli, Kampala
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Dada yangu Kuruthumu,

Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu unifungie zile karanga za njiani, nami nikapanda basi bila kugeuka nyuma, maana ningegeuka ningeshuka. Shikamoo dada. Goti lako linaendeleaje? Kwenye ujumbe wako wa sauti nilikusikia unaguna ulipokuwa unasimama, kisha ukajifanya unakohoa. Mimi si mtoto. Rudi hospitali wakaliangalie tena, na shemeji asikwambie ni baridi. Tabora hakuna baridi ya kumvimbisha mtu goti. Na wapwa zangu, je? Yule mkubwa ameacha kumficha mwenzake viatu wakati wa kwenda shule?

Mimi ni mzima. Mgongo unakataa jioni, asubuhi unakubali tena. Mvua zimeanza huku, kwa hiyo siku nyingine tunafika kazini, tunakaa chini ya turubai mpaka saa tano, tunaanza tukiwa tumelowa. Ninakula vizuri. Ugali wao wanauita posho, wanaupika laini kidogo kuliko wako, lakini nimeuzoea na sasa sinung'uniki.

Barua hii ataileta dereva wa lori anayekuja Tabora kuchukua asali. Nimeshika kalamu kwa sababu ya lile swali lako: "Maulidi, hicho unachosoma huko ni chuo au ni mchezo wa simu?" Najua jirani yako amekwambia nimetapeliwa. Nilijaribu kukujibu kwa sauti mara tatu, nikafuta mara tatu. Nikirekodi najikanyaga. Kwenye karatasi angalau naona nilipokosea.

Haya, sikiliza. Sasa hivi tunajenga Bugolobi, nyumba ya ghorofa tano, upande unaopakana na viwanda. Mimi bado ni saidia fundi: nachanganya zege, nabeba karai. Nina miaka thelathini na saba, na wanaobeba karai pamoja nami wengi wao ningeweza kuwa mjomba wao. Mwenzangu wa karibu ni Okello, anafunga nondo. Baba yake alikuwa mwanajeshi, yeye amekulia Makindye karibu na kambi, na Kiswahili chake ni kile cha amri. Akitaka chumvi utadhani anakamata mtu. Msimamizi wetu tunamwita Salongo, ndivyo huku wanavyomwita baba wa mapacha. Hana cheti chochote, ila ukimtajia upana wa nguzo anakupa idadi ya mifuko ya saruji kabla hujafunga mdomo.

Mwezi wa tano, wakati wa chakula cha mchana, Okello alikuwa ameshika simu yake anaangalia mzee mmoja mwenye mvi anayevunja tofali la zege kwa mashine. Analibana polepole mpaka linapasuka, kisha anafurahi.

"Huyu ni profesa," Okello akasema. "Navunja kwa makusudi, apate kujua nguvu yake iko ngapi."

Salongo akachungulia. "Profesa wa nini? Mimi watu yangu wanavunja bila mashine, na hakuna anawapigia makofi."

Tukacheka, lakini hatukuondoka. Yule mzee alikuwa anaeleza kwa nini zege la siku saba si sawa na la siku ishirini na nane, na mimi nimelibeba zege tangu nikiwa na miaka kumi na tisa bila mtu kuniambia kwa nini.

Basi ile ndiyo kozi. Ni hivi: chuo kikuu cha ng'ambo kinaweka masomo yake kwenye mtandao, na mtu yeyote duniani anajiunga bure. Hawakuulizi cheti cha kidato cha nne. Hawakuulizi miaka. Kila wiki kuna video, kuna maswali, kuna kazi ya kuandika, wiki nane. Ukimaliza wanakupa cheti chenye jina lako. Pale kazini tulianza saba. Mmoja aliishiwa bando la intaneti, wawili walishindwa na Kiingereza, mmoja alisema wazi kwamba mpira ni bora zaidi. Tukabaki watatu, mimi, Okello na Salongo. Sikudanganyi kwamba ni jambo jepesi. Zile video zimetengenezwa kwa mtu mwenye meza na umeme usiokatika, si mtu mwenye saruji kwenye kope.

Na kwa nini nilikazana? Hapa mjini kuna chuo cha ufundi chenye darasa la jioni la ujenzi. Mwalimu mmoja wa pale, mama mmoja anaitwa Nalubega, huleta wanafunzi wake kuangalia kazi yetu. Siku moja alinikuta ninamwambia Okello mambo ya yule profesa, akasimama kusikiliza. Akaniambia kwamba chuo chao kimeanza kuwapokea watu wasio na kidato cha nne, mradi waje na cheti cha kozi kama ile na wafaulu mahojiano. Mwisho wa kuleta cheti ulikuwa tarehe thelathini na moja Agosti.

Dada, unajua nilivyoacha shule. Nilirudi na begi kidato cha pili, nikakwambia imenishinda, wakati wewe uliacha yako ili mimi nisome. Hukunisema. Ningependa ungenisema. Kwa hiyo Mwalimu Nalubega alipotamka "wasio na kidato cha nne", nilisikia jina langu.

Sasa nikueleze tulivyosoma, maana ndipo matatizo yalipotoka. Mchana tulikaa juu ya mbao, sahani mapajani. Okello alisoma Kiingereza na kutugeuzia. Salongo alipiga hesabu. Mimi nilieleza mambo yanavyokuwa kwa mikono, kwa sababu mimi ndiye ninayechanganya. Tulibishana mpaka jibu linapatikana, kisha kila mtu analiandika kwenye simu yake. Lile lile. Ndivyo tunavyomwaga zege, dada: mmoja anachota, mwingine anapokea, wa tatu anapandisha juu. Hakuna anayesema nguzo hii ni yangu.

Okello alinitania kila siku. "Nyinyi Watanzania munasumbua. Swali nauliza maji ngapi kwa mfuko moja, wewe naanza 'samahani, naomba niulize kidogo.' Mutu akikufa na kiu, atasema 'naomba' mara ngapi?"

"Na wewe ukiomba maji," nikamwambia, "watu wananyoosha mikono juu."

Kuna jambo lilinipendeza sana. Kazi za kozi ile husahihishwa na wanafunzi wenyewe. Yako inapelekwa kwa watatu usiowajua, nawe unapewa za wengine. Mimi, Maulidi wa Isevya, Tabora, nikapewa kazi ya mtu wa nchi ya baridi. Aliandika juu ya uzito wa theluji inapolala juu ya paa. Sikuwahi kufikiri kwamba mvua inaweza kukaa juu ya nyumba wiki nzima na kuikandamiza. Nikafuata mwongozo waliotupa, nikakuta hesabu zake zimetimia, nikampa alama zote. Siku nzima nilibeba karai nikiwa nafikiria paa la mtu yule.

Wiki ya saba, Jumatatu, zikaja barua tatu kwenye simu tatu. Kazi zetu zimefanana neno kwa neno, kozi imesimamishwa, tujieleze. Chini kulikuwa na fomu yenye visanduku viwili. Kimoja kinasema: mimi ndiye niliyeandika. Cha pili kinasema: nilinakili kwa mwenzangu. Uchague kimoja. Nilitafuta kisanduku cha tatu mpaka simu ikazima.

Okello alikuwa wa kwanza kusema. "Iko rahisi. Maulidi, wewe ndiyo nataka chuo. Weka ya kwanza. Mimi na Salongo tutaweka ya pili."

"Watawafukuza," nikasema.

"Wanifukuze kutoka wapi? Mimi niko Bugolobi, nafunga nondo."

Salongo akatikisa kichwa, akaniita sebo, yaani bwana. "Mimi cheti nitaning'iniza wapi, sebo? Kwa chumba ya mapacha? Weka jina yako, hiyo mambo iishe, zege inatungoja."

Nataka ujue kwamba nilishawishika. Sitajipamba. Walikuwa wananipa kwa moyo mweupe, na tarehe ilikuwa inakaribia. Jioni ile sikupanda kitu, nilitembea kwa miguu kutoka Bugolobi mpaka Kibuli, na njia nzima nilikuwa nimekwisha kubali. Kisha nikajaribu kukumbuka ni sentensi gani kwenye ile kazi ilikuwa yangu peke yangu. Sikuipata hata moja. Kila niliyoishika ilikuwa na hesabu ya Salongo ndani yake au neno la Okello. Ningeweka ile tiki, ningekuwa nimewaibia watu wanaonipenda, nao wangenishikia mlango nipite.

Kesho yake mchana niliomba ruhusa, nikaenda kwa Mwalimu Nalubega. Hakunionea huruma.

"Mlipoanza, mliweka tiki kwenye kiapo?"

"Tuliweka, mwalimu."

"Mlikisoma?"

"Okello alikisoma."

"Kilisema nini?"

"Kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe."

"Na ni yako?"

"Ni yangu. Na ya Okello. Na ya Salongo."

Alivua miwani akacheka, lakini si cheko la kunidharau. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa. "Maulidi, kujifunza pamoja hakuna ubaya, mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Lakini chuo kinampima mtu mmoja mmoja. Siku utakapokuwa msimamizi, ukitia sahihi kwamba nguzo iko salama, Okello hatakuwepo kushika kalamu yako. Ikianguka, watakuita wewe." Akaniambia niachane na visanduku, niandike maelezo pale chini palipoachwa wazi, niseme yote.

Nikaandika. Okello alinisaidia Kiingereza, na hilo nalo nililisema. Nilieleza mbao, sahani, nani alisoma na nani alihesabu. Nilisema hatukujua kwamba kwao ni wizi, kwetu ndiyo kazi. Tukangoja siku tisa. Siku hizo nilibeba vibaya, nikamwaga karai mbili, Salongo akaniita bibi harusi.

Jibu lilikuja limeandikwa na mtu, si mashine, kwa sababu lilianza kwa kuomba radhi kuchelewa. Walisema wameelewa, hawatatufukuza, ila kila mmoja afanye kazi mpya, swali jipya, kwa muda wa saa mbili, peke yake chumbani, kamera ya simu ikimwangalia.

Salongo akakataa pale pale. "Mimi nikae mbele ya kamera kama mwizi wa kuku? Hapana." Tulimbembeleza, hakutaka. Dada, yeye ndiye aliyekuwa anajua kuliko sisi wote. Bado linaniuma.

Mimi nilifanya Jumapili, saa nne asubuhi. Mwenye nyumba wangu, Mama Farida, ni mjane wa polisi, Mnubi wa hapa hapa Kibuli, ukoo wa askari wa zamani waliotoka Sudani. Husuka makawa ya rangi nyingi na hapendi kelele hata siku ya kawaida. Siku ile alitoa kiti akakiweka nje ya mlango wangu, akakaa na ukindu wake. Nikasikia mpangaji mmoja anafungulia redio.

"Zima hiyo! Kuna mtu ndani yuko na mtihani."

"Mtihani gani? Si ni Maulidi wa saruji?"

"Maulidi wa saruji ndiyo. Na wewe wa redio umesoma nini?"

Redio ikazimwa. Nikafungua swali. Lilisema: eleza kosa moja ulilowahi kuliona katika ujenzi, lilisababishwa na nini, na lingezuiwaje.

Hapa, dada, naomba ukae chini.

Niliandika juu ya mnara wa tenki lako la maji, ule wa nyuma ya jiko. Unakumbuka jua la siku ile. Nilikuwa peke yangu, zege lilikuwa zito, mikono imechoka, nikaanza kuongeza maji ili liteleze. Ndoo, kisha ndoo nyingine. Likawa kama uji, nikalimwaga haraka nikamaliza. Maji yale ya ziada yakikauka yanaacha matundu madogo ndani, na zege linabaki na sura tu, nguvu hakuna. Baada ya miezi miwili nguzo zikapiga nyufa, nami nikakwambia Mzee Shabani wa dukani alituuzia saruji iliyolala. Ukaenda ukamsema mbele ya watu, na mpaka leo hamsalimiani. Saruji yake ilikuwa nzima. Wakati ule sikujua kwa hakika, lakini moyoni nilihisi, na nilinyamaza. Pale hapakuwa na Okello wala Salongo. Ile ndiyo kazi yangu mwenyewe, kama kile kiapo kilivyotaka.

Niliandika kwa Kiingereza changu kifupi, sentensi kama vipande vya tofali, na saa mbili hazikutosha kupanga vizuri. Nilipotoka Mama Farida akaniuliza, "Umewaweza?" Nikamwambia nimewaambia ukweli, hayo mengine wao. Akasema basi ninywe chai.

Nilifaulu, dada. Si kwa alama za kujivunia. Okello naye alifaulu, kwa alama zaidi yangu, na hanipi nafasi ya kusahau. Cheti kilitoka Agosti tarehe ishirini na sita, nikakichapisha kwenye duka la karibu na msikiti, nikakipeleka kwa miguu nisije nikakikunja. Mahojiano yalikuwa wiki iliyopita. Waliniuliza ngazi ya jengo inaanza kumwagwa kutoka wapi, nikawaonyesha kwa mikono. Juzi wamenipa nafasi.

Kwa hiyo swali lako ninalijibu hivi. Kozi ile si mchezo, lakini peke yake si chuo pia. Imenipa mwalimu ambaye nisingemwona maisha yangu yote, na haikuniuliza nimetoka wapi. Ila haikuniona. Aliyeniona ni Mwalimu Nalubega, na aliyenisomea ni Okello. Mtu asiye na watu wa aina hiyo karibu, nadhani ataacha wiki ya pili kama wale wenzetu wanne, na hapo usiseme ni mvivu.

Sasa jambo ambalo hutalipenda. Darasa linaanza Februari, ni la miaka miwili, jioni tano kwa wiki, na mchana nitaendelea na karai. Nilikuahidi kwamba mwaka huu nitarudi moja kwa moja. Sitaweza. Ukitaka kunisema, safari hii niseme kweli, usininyamazie kama ile mara ya begi.

Na tenki, tafadhali, mwambie shemeji amwage maji yote na kulishusha chini leo hii, siku barua inapofika. Wapwa zangu wasicheze pale chini, wala wewe usiegemee ile nguzo unapoosha vyombo. Kesho nitampigia shemeji simu pia, barua isije ikachelewa. Nimejifunza zege lile linaangukaje. Haligongi hodi.

Nisalimie mama mdogo, umwambie ile dawa yake ya mgongo imeisha na ilinisaidia. Msalimie shangazi wa mtaa wa Ng'ambo anayesema nimeoa huku kwa siri. Sijaoa, Mama Farida anajaribu. Mpe pole mjomba kwa ng'ombe wake. Mpwa wangu mkubwa mwambie amalize kidato cha nne kwa njia ya kawaida, asisubiri njia yangu. Shemeji nampa heshima zake zote, isipokuwa kwenye habari ya goti.

Salongo amenipa ruhusa ya mwezi mmoja. Natarajia kuingia Tabora Jumamosi tarehe 13 Desemba, basi la asubuhi, na nitaondoka katikati ya Januari. Nitavunja mnara ule na kuusimamisha upya, kwa maji yaliyopimwa. Lakini nikishuka stendi sitakuja nyumbani kwanza. Nitaenda dukani kwa Mzee Shabani, nimwambie haya niliyokuandikia, mbele ya wateja wake, kama ulivyomsema wewe mbele ya wateja wake. Goti likikuruhusu, nisubiri pale.

Mdogo wako,
Maulidi